GARI SI KITANDA, LAKINI MGONGO NI WETU



Matajiri wa magari wana neno moja wanalolipenda sana. Dereva akienda kudai shokamzoba mpya, au akisema ya kuwa springi za nyuma zimekufa, hujibiwa kwa kicheko: gari si kitanda. Maana yake ni kwamba dereva huyo ni mvivu, anataka kulala kazini, na kwamba safari ya raha ni ya wenye magari madogo ya fahari, wala haituhusu sisi watu wa matatu.

Nasi twajibu. Ni kweli, gari si kitanda. Gari ni mahali petu pa kazi. Seremala ana meza yake, karani ana kiti chake, nasi tuna kiti cha gari tangu kabla ya jua kuchomoza mpaka watoto wetu wamelala. Lakini wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tajiri hakai katika kiti kile. Yeye hulijua gari lake jioni tu, wakati wa kupokea hesabu. Anayelijua gari ni yule aliyepokea kila shimo la njiani katika uti wa mgongo wake.

Leo tuna neno moja la kusema, na twataka lisomwe katika kila stendi. Springi na shokamzoba nzuri ni chombo cha kazi kama breki, na kuzidai ni haki ya mfanyi kazi kama kudai mshahara.

KILICHO CHINI YA GARI

Kabla ya kugombana tujue tunagombania nini, maana tajiri humshinda upesi mtu asiyejua kazi yake.

Springi hubeba uzito wa gari na watu. Shokamzoba haibebi uzito huo. Kazi yake ni kuituliza springi. Gurudumu likipanda tuta, springi hujikunja, kisha hutaka kurudi kwa nguvu. Isipokuwa na kitu cha kuizuia, itarusha gari juu na chini mara nyingi. Ndani ya shokamzoba mna mafuta yanayosukumwa katika vitundu vidogo, nayo huimaliza nguvu ile ya kuruka na kuigeuza joto. Ndiyo sababu shokamzoba iliyofanya kazi katika barabara mbaya huwa ya moto ukiigusa. Ikiwa ni baridi wakati wenzake ni wa moto, hiyo imekufa zamani.

Magari ambayo wanachama wetu wengi wanayafahamu ni Toyota HiAce na Nissan Caravan. Nyuma yana ekseli nzima iliyofungwa juu ya springi za mabamba. Mbele kila gurudumu lina mikono yake, na uzito hubebwa na fito mbili ndefu za chuma zinazojisokota, ambazo mafundi huziita torsheni baa. Sasa tazameni mahali alipowekwa dereva. Injini iko chini ya viti vya mbele, na dereva ameketi karibu kabisa juu ya gurudumu. Katika gari dogo mtu huketi katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na pigo la shimo humfikia likiwa limepungua. Katika vani yetu, gurudumu la mbele likianguka shimoni, pigo hupanda moja kwa moja mpaka kiunoni. Asiyeamini afungue mlango atazame mwenyewe.

Kuna jambo la pili. Vani hizi kwa asili ni za kubeba mizigo, na springi zake za nyuma zilipimwa kwa mizigo. Zikiwa tupu ni ngumu kama ubao. Gunia la mchele halina mgongo wa kuuma. Sisi tumetia viti 14, tukapakia binadamu juu ya springi za gunia, kisha tunashangaa wazee na akina mama wajawazito wakishuka wameshika viuno.

TULIKOTOKA

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila ile leseni iliyokuwa ikitakiwa kwa mabasi. Siku zile watu walipanda pikapu zenye mabenchi ya mbao, wameketi wakitazamana, na aliyefika akiwa mzima alimshukuru Mungu. Hakuna aliyeuliza habari za springi. Ulikuwa usafiri wa mtu mnyonge, na mnyonge alidhaniwa hana haki ya kuuliza.

Baadaye zilikuja vani za Kijapani. Kisha mwezi wa Februari 1, 2004, wakati wa Waziri John Michuki, kanuni mpya zilianza kutumika: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda kwa kila abiria, na sare kwa dereva na kondakta. Sisi hatukatai kanuni hizo. Zimeokoa watu. Lakini tangu siku hiyo, ajali ikitokea, kila mtu huuliza habari za mwendo na habari za mkanda. Ni wachache wanaoinama kutazama chini ya gari. Mkanda humshika mtu katika kiti, lakini hauwezi kulishika gari katika barabara. Kazi hiyo ni ya tairi, na tairi haiwezi kushika lami ikiwa shokamzoba imekufa na gurudumu linadunda kama mpira.

UJANJA WA KUONGEZA MABAMBA

Sasa tuseme habari ya ujanja ambao umekuwa desturi katika gereji zetu. Springi za nyuma zikilegea, au tajiri akitaka gari libebe watu kupita kiasi pamoja na mizigo juu ya paa, gari hupelekwa kwa fundi kuongezwa mabamba. Bamba moja, mabamba mawili, wakati mwingine matatu, yaliyotolewa katika gari kuukuu la aina nyingine. Tajiri huondoka akisema gari lake limetiwa nguvu.

Ndugu, gari halikutiwa nguvu. Limefanywa gumu, na ugumu si nguvu. Tuhesabu hasara zake.

Kwanza, gari likiwa na watu wachache, springi hiyo ngumu haikunjiki. Gurudumu likigonga kokoto, huruka na kuachana na barabara. Gurudumu lililo hewani halina breki wala usukani.

Pili, nyuma imekuwa ngumu lakini mbele imebaki kama ilivyokuwa. Gari likiingia konani, sehemu ya nyuma hukataa kuinama. Gurudumu la nje hubebeshwa mzigo wote na la ndani huwa jepesi. Hapo ndipo nyuma hutaka kuipita mbele. Mwulizeni dereva yeyote wa njia ya Narok anayeteremka Mai Mahiu, katika barabara ile ya zamani iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliani. Upande mmoja mlima, upande mmoja bonde, na lori linapanda mbele yako. Huko si mahali pa kujaribu springi za kubahatisha.

Tatu, mabamba yaliyoongezwa huinua gari. Uzito wa watu hupanda juu, na gari refu huyumba zaidi.

Nne, shokamzoba haikubadilishwa. Ile ya zamani ilipimwa kwa springi ya zamani. Sasa imepewa springi yenye nguvu kuliko yeye. Ni kama kumpa mtoto wa miaka 6 ashike kamba ya fahali.

Tano, pigo ambalo springi haikulipokea haliendi mbinguni. Huenda katika chesisi, likapasua viungo vilivyochomelewa. Huenda katika bodi, madirisha yakaanza kulia. Na mwisho huenda katika mifupa ya dereva.

Na mbele nako kuna ujanja wake. Fundi hukaza boliti za torsheni baa ili pua ya gari iinuke. Tajiri hufurahi kuona gari limesimama juu. Lakini fito ile haikupata nguvu yoyote mpya. Gari limepata urefu tu, na gurudumu limebakiwa na nafasi ndogo ya kushuka. Likifika shimoni mikono yake hugonga mwisho, kwa kishindo ambacho kila dereva anakijua. Tena pembe za magurudumu zimeharibika, na matairi yataliwa upande mmoja.

Haya hatuyasemi ili kuwatukana mafundi. Wengi wao ni ndugu zetu wa jua kali, nao hufanya wanachoambiwa na mwenye pesa. Twawaomba tu wasikubali kuitwa mafundi wa kuua watu.

MWENZETU NA MTO WAKE

Tuna mwenzetu mmoja ambaye hatutamtaja jina, wala tajiri wake hatutamtaja. Aliendesha vani moja kwa miaka 7. Katika mwaka wa mwisho shokamzoba za mbele zilikuwa zikivuja mafuta mpaka vumbi likagandamana juu yake kama ugali. Alimwambia tajiri. Akaambiwa angoje mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha, akaambiwa biashara ni mbaya. Mwezi wa tatu gari likaingia gereji kwa siku 4, naye akafurahi. Lilipotoka lilikuwa limepakwa rangi mpya, limewekwa taa za kila rangi na spika ambazo zikipigwa kifua hutetemeka. Shokamzoba zilikuwa zile zile.

Mkewe alimshonea mto kwa blanketi la zamani, akaukunja mara mbili ili akalie. Akaendesha hivyo, akila dawa za maumivu asubuhi na jioni. Siku moja alipofika stendi hakuweza kushuka. Kondakta wake na dereva mwingine walimshika mabega wakamtoa. Jumatatu iliyofuata gari lilikuwa na dereva mpya, kijana hodari, na kijana huyo alikalia ule mto kwa kuwa aliukuta kitini.

Mwenzetu hakupewa hata shilingi. Hakuwa na barua ya kazi. Hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha ya kuwa alidai shokamzoba mara tatu. Tajiri alisema mgongo huo labda aliupata shambani kwao. Nani angeweza kumbishia?

Ndugu, tunataka mfikiri juu ya mto ule. Dereva wa pili ameukalia. Wa tatu je, ni nani?

MTIKISIKO HUPIMWA

Wako watakaosema haya ni malalamiko ya wazee. Basi wajue kwamba katika nchi nyingine mtikisiko wa mwili wa mfanyi kazi hupimwa kwa chombo, kama vile joto la mgonjwa linavyopimwa. Mwaka 2002 nchi za Umoja wa Ulaya zilitoa amri inayoweka mipaka. Kwa siku ya kazi ya saa 8, mtikisiko wa mwili mzima ukifika kipimo cha 0.5, mwajiri hulazimika kuanza kuupunguza. Na ukifika 1.15, hapo ni mwisho, haruhusiwi kumwacha mtu aendelee vivyo hivyo. Waliweka mipaka hiyo kwa sababu maumivu ya kiuno na madhara ya uti wa mgongo kwa watu wanaokaa juu ya mashine zinazotikisika ni jambo linalojulikana na waganga.

Angalieni tena: saa 8. Ni dereva gani wa matatu anayemaliza kazi kwa saa 8? Sisi hutoka alfajiri na kurudi usiku. Na kondakta, ambaye husimama mlangoni ameinama, magoti yake ndiyo springi zake. Mgongo wa mtu wa Kenya haukutengenezwa kwa chuma tofauti na mgongo wa mtu wa Ulaya.

MAJIBU YA MATAJIRI

Tajiri akibanwa huwa na majibu matatu.

La kwanza ni gharama. Shokamzoba nne ni pesa nyingi, asema. Sisi twamwuliza: matairi yanayoliwa kwa vipande vipande, yakaonekana kama yametafunwa, hununuliwa na nani? Bushi zinazokatika, boljointi zinazolegea, chesisi inayochomelewa kila mara, siku ambazo gari linalala gereji bila kuleta hesabu, hayo si gharama? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ikiwa kweli pesa hakuna, zile za spika na taa zilitoka wapi? Hatuchukii muziki. Abiria vijana wanaupenda, nasi tunaupenda. Lakini gari lenye ngoma juu na kifo chini ni jeneza lililopambwa.

La pili ni barabara. Barabara ni mbovu, asema, mlaumuni serikali. Hakika barabara nyingi ni mbovu, na chama hiki hakitaacha kulisema hilo. Lakini mtu akiona mvua inanyesha, hununua mwavuli au huuvunja ule alio nao? Barabara mbovu ndiyo sababu ya kuwa na shokamzoba nzuri. Katika lami laini hata gari bovu laweza kujificha.

La tatu ndilo kubwa, nalo husemwa kwa sauti ya chini: ukikataa gari hili, wako wengine wengi wanaolingoja. Hilo, ndugu, si jibu la gari. Ni jibu la dhuluma. Nalo lina nguvu kwa sababu moja tu, kwamba ni kweli. Wako wanaongoja, na mmoja wetu akikataa mwingine hupanda kabla kiti hakijapoa. Dawa yake haiko gereji. Dawa yake iko kwetu.

ANAYESHIKWA NI NANI?

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 55, inataka gari na sehemu zake ziwe katika hali njema na ya usalama wakati wote. Sheria haikusema jambo hilo ni la dereva peke yake. Lakini anayekutwa barabarani ni nani? Ni dereva. Gari likipinduka konani, atakayepelekwa kituoni akiwa na damu usoni ni dereva, na gazeti litaandika kwamba alishindwa kulidhibiti gari. Alishindwa! Mtu aliyepewa springi za kubahatisha na shokamzoba tupu, akalidhibiti gari hilo kila siku kwa mikono yake, siku moja likamshinda, naye ndiye mkosaji.

Tena tumeona magari yakivalishwa shokamzoba nzuri siku ya ukaguzi, na kesho yake zikafunguliwa zikarudi kwa mwenyewe. Dereva aliona. Kondakta aliona. Fundi ndiye aliyefungua. Sote tulinyamaza. Kwa hiyo sasa lazima tuseme na makosa yetu.

TUSEME KWELI JUU YETU WENYEWE

Chama kisichoweza kuwaambia wanachama wake kweli si chama. Je, ni tajiri peke yake anayejaza watu 18 katika gari la 14 wakati polisi hayupo? Je, ni tajiri anayeruka tuta bila kupunguza mwendo ili amwahi mwenzake stendi? Ni tajiri anayewaambia abiria walegeze mikanda wasogee? Baadhi yetu tumependa springi zile ngumu, kwa sababu gari linabeba zaidi na kilichozidi juu ya hesabu kinaingia mfukoni mwetu. Mchuma janga hula na wa kwao. Mwisho wa pesa hiyo huwa duka la dawa.

Hatuwezi kudai springi za binadamu huku sisi wenyewe tunapakia kama magunia. Mambo haya mawili lazima yaende pamoja.

KAZI NJEMA NI IPI?

Tajiri akikubali, asikubali nusu. Dereva na ajue kazi njema ya kutengeneza gari ili lishike barabara na lisiumize watu. Kateni ukurasa huu mweke katika gari.

1. Shokamzoba zibadilishwe mbili mbili, kushoto na kulia pamoja. Zile zenye gesi pamoja na mafuta zafaa zaidi katika barabara za makunyanzi, kwa sababu mafuta peke yake yakichemka hufanya povu na kuacha kazi.

2. Springi zilizolegea zitolewe, ziwekwe seti nzima inayolingana na gari na mzigo wake wa kweli. Kwa gari linalobeba leo wengi na kesho wachache, springi nzuri ni ile ambayo mabamba yake ya juu ni laini, na bamba la chini husaidia tu mzigo unapokuwa mzito. Hiyo ni akili, na ni mbali sana na kuongeza mabamba ovyo.

3. Stabilaiza, yaani ule mtaimbo unaounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale konani, ikaguliwe pamoja na viungo vyake. Ikiwa haipo, na inaweza kufungwa, ifungwe. Hiyo hupunguza kuyumba bila kuifanya springi kuwa ngumu katika njia iliyonyooka.

4. Bushi zote zilizokatika zibadilishwe. Za mpira hutuliza kelele na mtikisiko. Zile ngumu za plastiki hudumu lakini hupitisha mtikisiko zaidi. Dereva aulizwe kabla ya kuchagua, kwa kuwa ni yeye atakayezikalia.

5. Torsheni baa zirudishwe katika kimo chake. Kisha magurudumu yapangwe kwa mashine ya alainimenti. Kazi isiyomalizwa kwa alainimenti haijamalizwa.

6. Upepo wa matairi upimwe asubuhi, matairi yakiwa baridi, na ufuate maandishi ya kiwanda. Tairi iliyojazwa kupita kiasi ni springi nyingine ngumu.

7. Kiti cha dereva kiwe na sponji nzima na egemeo lisilovunjika. Mto wa blanketi si kiti.

Na kujua kama shokamzoba imekufa hakutaki shule. Gari likiwa limesimama, kandamiza pembe moja kwa nguvu kisha uachilie. Likipanda na kutulia, ni nzima. Likiendelea kucheza, imekufa. Kisha inama utazame kama inavuja. Kazi hiyo ni ya dakika 5.

MAMBO TUNAYOAMUA

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyi kazi atoe habari kwa mkubwa wake anapoona hatari kubwa kazini, nayo haimruhusu mwajiri kumlazimisha arudi katika hatari ile kabla haijaondolewa. Maneno hayo yako katika sheria ya nchi. Lakini sheria iliyolala katika karatasi haimwamshi mtu. Kwa hiyo twawataka wanachama wote wafanye hivi:

Kwanza, kila gari liwe na daftari. Kila asubuhi dereva na kondakta wafanye jaribio lile la dakika 5, na kasoro iandikwe pamoja na tarehe. Andikeni mara mbili: nakala moja kwa tajiri, nakala moja kwa mjumbe wa chama katika stendi. Mwenzetu wa miaka 7 angekuwa na daftari hilo, leo tungekuwa na la kusema juu ya fidia yake.

Pili, gari lililokataliwa kwa hatari ya kweli lisipandwe na mwanachama mwingine. Hili ndilo jambo gumu kuliko yote, na ndilo jambo lenyewe. Anayepanda anaukalia mto wa mwenzake.

Tatu, mjumbe asiende kwa tajiri peke yake. Waende madereva, makondakta na fundi mmoja anayeijua kazi, wazungumze kwa adabu, waonyeshe daftari, wapewe siku ya jibu.

Nne, sisi nasi tuahidi mbele ya abiria: hakuna kujaza kupita viti, hakuna kuruka matuta. Tajiri asipate mahali pa kutushika.

Mwezi wa Oktoba 1949, madereva wa teksi wa Nairobi waligoma kwa ajili ya kanuni za manispaa zilizowabana katika kazi yao. Siku hizo Fred Kubai alikuwa kiongozi katika chama cha wafanyi kazi wa usafiri, na nchi ilikuwa chini ya serikali ya kikoloni iliyoweza kumfunga mtu kwa neno tu. Watu wale hawakuwa na sheria ya mwaka 2007 ya kuwalinda, wala Katiba ya mwaka 2010 inayosema kila mfanyi kazi ana haki ya hali njema ya kazi. Walikuwa na jambo moja: mmoja akisimama, mwenzake hakulichukua gari lake. Je, sisi wenye sheria mkononi tutashindwa na shokamzoba?

Ndugu, wala hatuombi makubwa. Hatuombi gari la waziri. Twataka gari linaloshika barabara, ili abiria afike kwake na mama mjamzito ashuke bila kulia. Twataka dereva akitimiza miaka 50 aweze kuinama kumwinua mjukuu wake. Tajiri atapata hesabu yake vile vile, tena zaidi, kwa kuwa gari zima hufanya kazi siku nyingi kuliko gari bovu.

Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha injini, kandamiza pembe ya gari lako, utazame, uandike.

Kidole kimoja hakivunji chawa. UMOJA NI NGUVU.